Mpango wa Mbuga ya Nairobi Usiandikwe Bila Sisi

Wakenya wenzangu, na hasa ninyi majirani wa mbuga mlioko Nairobi, Kitengela na Ongata Rongai,

Mpango wa usimamizi wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ni wa mwaka 2020 hadi 2030. Muda wake unayoyoma, na mwingine utahitajika. Nawaomba tujiandae sasa. Anayengoja rasimu itangazwe ndipo aanze kuuliza mbuga inaendeshwaje atakuta siku za kutoa maoni zimekwisha.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kila mbuga ya kitaifa isimamiwe kwa mpango maalumu. Katiba nayo, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Ndani ya mpango huo ndimo huamuliwa pajengwe wapi na wapi pasiguswe, ua upite wapi, watalii wafike wapi, na majirani wanufaike vipi. Ukishapitishwa, tutaishi nao miaka mingi.

Kumbukeni yaliyotokea. Rasimu ya mpango uliopo ilitolewa mwaka 2020, wakati korona imefanya mikutano ya hadhara ipigwe marufuku. Ilikuwa na mapendekezo ya hoteli na ua. Wenye intaneti waliisoma, wakapinga. Mfugaji wa Kaputiei, kusini mwa mbuga, ambaye ng'ombe wake hula kwenye nyanda zilezile na pundamilia, angeisikia wapi bila baraza? Kumbukeni pia reli ya kisasa. Wahifadhi waliipinga hadi mbele ya jopo la mazingira, lakini treni zilianza kupita juu ya mbuga mwaka 2019. Ramani ikishachorwa, kuibadilisha ni kazi ngumu.

Safari hii kuna jambo kubwa zaidi la kusemea: upande wa kusini. Mbuga ina kilomita za mraba 117 tu, na pande nyingine zote zina ua. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, ndiko kumebaki wazi. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huelekea nyanda za Athi na Kaputiei. Kiangazi kikikaza, hurudi kutafuta maji. Mapito yao yanakatiza mashamba na ploti za watu. Yakizibwa, tutabaki na zizi kubwa la wanyama katikati ya jiji. Lakini mwenye ardhi pia ana haki. Aliyeliwa mbuzi na simba anataka fidia isiyochelewa, na anayeacha shamba lake bila ua anastahili kulipwa kwa hisani hiyo. Hayo yaandikwe katika mpango, yawekewe muda na bajeti.

Basi tufanye nini? Chama cha wakazi, kikundi cha akina mama, klabu ya wanyamapori shuleni, waongoza watalii, wazee wa jamii: kila kundi lichague watu wawili au watatu wausome mpango wa sasa na kuuliza kipi kimetekelezwa na kipi kimebaki kwenye karatasi. Kisha tuliandikie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, tukitaka mambo manne: rasimu itolewe kwa Kiswahili na Kimaasai pia; mabaraza yafanyike Kajiado, si hotelini jijini pekee; siku za kutoa maoni zitoshe; na itolewe taarifa ya maoni yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu zake.

Maoni yenu yawe ya maandishi, yataje ukurasa na pendekezo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya jumla hupuuzwa kwa urahisi. Hoja kumi zilizopangwa vizuri, zikitoka kwa makundi mia yanayosema jambo moja, hudai majibu.

Kikundi chenu kitakapokutana wiki hii, liwekeni jambo hili kwenye ajenda, na msitawanyike kabla ya kuwataja watakaousoma mpango.