Shabiki wa Mbali, Soma Jina Kabla ya Kulipa

Kuna msemo kwamba shabiki wa kweli hahesabu gharama. Sisi hatukubaliani nao. Shabiki anayetoka mbali ndiye anayepaswa kuhesabu kuliko wote.

Chukua mfano wa Sauti Sol. Bendi ilianza 2005, wakati baadhi yetu kwenye timu hii ndio tulikuwa tunaanza shule huko Kitale na Bungoma. Tumekua na nyimbo zao kwenye matatu na kwenye harusi. Halafu Mei 2023, Bien, Chimano, Savara na Polycarp wakatangaza kwamba wanapumzika kama bendi. Tamasha la kuaga, Sol Fest, likapangwa Novemba 4 pale Uhuru Gardens, Nairobi. Nani angebaki nyumbani?

Tuliotoka Kitale na waliotoka Bungoma tulikutana Eldoret, tukasafiri pamoja. Kuwaona wale wanne kwenye jukwaa moja, umati mzima ukiimba kila neno, ni kitu hatutasahau. Lakini mwenzetu mmoja wa Bungoma hakukiona. Tiketi yake aliinunua kwa mtu aliyemwandikia WhatsApp: "Zimebaki mbili tu, tuma sasa hivi kwa hii namba." Langoni ikakataliwa. Alipopiga ile namba, ilikuwa imezimwa. Alisikia tamasha akiwa nje.

Mtu wa Nairobi akiuziwa tiketi feki, hasira anayo, lakini usiku huo huo analala kwake. Mtu wa Bungoma amepoteza tiketi, nauli, pesa ya malazi na siku zake za kazi. Tapeli anajua pia kwamba tamasha la mwisho halirudiwi, kwa hivyo hutauliza maswali mengi. Hahitaji kuingia kwenye simu yako. Haraka yako inamtosha.

Wengine hutuambia tiketi ya "rafiki ya rafiki" huwa nafuu. Pengine. Lakini kuokoa shilingi mia tano na kuhatarisha safari ya zaidi ya kilomita 350, hiyo si nafuu.

Ukiwa na tamasha unalolisubiri, fanya hivi:

1. Lipa kwa paybill au till iliyotangazwa kwenye kurasa rasmi za waandaaji. Ukipewa namba ya mtu binafsi, achana nayo.

2. Kabla ya malipo kukamilika, soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipolingana na la waandaaji, katisha hapo hapo.

3. Mkichanga kama kikundi, anayelipa apeleke ujumbe wa malipo kwenye grupu ili kila mtu auone. Hiyo si kumshuku mtu, ni kumlinda.

4. Tenga nauli ya kurudi kabla ya kununua tiketi. Usiihesabu kama pesa ya matumizi.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Ukigundua umetapeliwa, pigia huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, na hatutakudanganya kwamba kila mara inawezekana.

Waandaaji nao hawawezi kukwepa. Siku wanayotangaza tamasha, watangaze na namba ya malipo. Kila siku inayopita bila namba rasmi, matapeli wanatangaza zao. Na wakumbuke kwamba mashabiki hawakai Nairobi pekee: yule wa Kitale hawezi kupita ofisini kwao kuuliza, anategemea anachokiona kwenye simu.

Penda bendi yako, imba mpaka sauti ikauke. Lakini ukiambiwa "tuma sasa hivi", ngoja kwanza. Kusoma jina ni sekunde chache tu, na tiketi ya kweli haitakimbia kwa sababu hiyo.