"Safari ya Bajeti" kwa Jogoo wa Mwenyeji? Acheni Hizo!

Kapo moja maarufu mitandaoni (majina kapuni) inatamba kwamba imezunguka Kilosa, Kilangali, Mikumi mpaka Bagamoyo na Pangani "kwa hela ya mboga tu". Mabegi mgongoni, mahaba moto moto, laiki kibao. Poa. Ila hesabu yao ina tundu.

Nauli wameandika. Maji ya kunywa wameandika. Kulala Kilangali? Sifuri. Kula? Sifuri. Hivi ule wali ulishuka mbinguni? Kule ni kwa wakulima wa mpunga, na ule mchele kuna mtu alizama kwenye tope kuupanda, akashinda juani akiwinga ndege. Yule jogoo huenda ndiye aliyekuwa madaftari ya mtoto. Bibi wa kijijini hawezi kumwambia mgeni hapana, nao walilijua hilo.

Cha kuchekesha, geti la Mikumi walilipa bila kelele, risiti wakaiposti. Kumbe pesa ilikuwepo! Twiga analipiwa, bibi anaachiwa "asante sana" na video ya wajukuu zake matumbo wazi, ruhusa hakuna.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa nne, na jembe walishika la kupigia picha.

Watetezi wao mnasema "ni ukarimu wetu". Sawa, mbona matangazo wanayopata kwa video hizo hayaendi kwa ukarimu? Gesti za Kilosa mjini zina bei. Wamtumie bibi hiyo hiyo, mara nne, halafu waje watuambie upya safari iligharimu ngapi.