Masisi na Walikale: nani anamwona kwanza kijana mwenye kipaji?

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwaka 2016, akiwa bado mvulana, alikwenda Marekani kusoma na kucheza mpira wa kikapu. Mwaka 2021 klabu ya Golden State Warriors ilimchukua akiwa mchezaji wa saba katika uteuzi wa NBA, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa. Watu wa Kivu Kaskazini wana haki ya kujivunia kijana huyo. Lakini mtoto wa rika lake aliyezaliwa Nyabiondo, Rubaya, Pinga au Mubi angeonwa na nani?

Wengi hujibu kwamba Masisi na Walikale vipaji vipo tele, wanaokosekana ni wasaka vipaji. Jibu hilo linapendeza, lakini limeacha nusu ya ukweli. Hata msaka vipaji akifika huko leo, ataondoka mikono mitupu, kwa sababu kazi yake hutegemea mambo ambayo vita vimeyavunja: uwanja, shule, mwalimu anayemjua mtoto, na karatasi.

Somo la karibu liko Uganda, tena katika mchezo ambao vijana wengi wa Kivu hawajawahi kuushika: besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League. Haikwenda. Watoto walinyimwa viza baada ya kuonekana kasoro katika hati za umri wao. Walikuwa wameshinda uwanjani, wakashindwa mezani. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza fainali hizo. Miaka kumi baadaye, 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates ikamsajili mrushaji kijana, David Matoma.

Ni vyema kuelewa jinsi mrushaji anavyochaguliwa. Husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mgeni anayemtazama huja na kifaa cha kupima kasi ya mpira. Kijana wa sekondari akifikisha kilomita 145 kwa saa, shingo zinageuka. Lakini klabu haimsajili mtu kwa mpira mmoja. Inataka kujua kama anaweza kulenga palepale mara ya hamsini akiwa amechoka, kama bega na kiwiko ni vizima, anafanya nini akishapigwa vibaya, na ameongezeka kiasi gani tangu mwaka jana. Kwa hiyo msaka vipaji hurudi, mara ya pili na ya tatu, na kila mara humuuliza mwalimu aliyekuwapo siku zote. Katika soka na kikapu, utaratibu ni huohuo.

Masisi na Walikale, mtoto hapatikani mahali pamoja mara tatu. Rubaya iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-centre ikafuata Januari 2025, na mwishoni mwa mwezi huohuo Goma yenyewe. Machi 2025 waasi waliingia Walikale-centre, kisha wakaondoka. Kila tarehe kati ya hizo ina maana ya familia kubeba magodoro kichwani na timu ya shule kutawanyika. Februari 2025 wakimbizi wa ndani waliokuwa kambini kandokando ya Goma waliambiwa warudi makwao. Mtoto aliyecheza Masisi mwaka 2023 huenda alicheza kambini mwaka 2024, na mwaka 2025 akarudi kijijini akakuta shule haina mwalimu. Hakuna aliyebaki wa kusema amekua vipi.

Yuko mtu mmoja tu ambaye vita havimzuii kusaka vijana. Huyo naye hutafuta mkono wenye nguvu, miguu yenye mbio, pumzi ya kupanda mlima na mtoto anayetii amri. Haulizi cheti cha kuzaliwa wala ruhusa ya mzazi, na humchukua mtoto siku ileile. Mwaka baada ya mwaka ripoti za Umoja wa Mataifa zimeyataja makundi yenye silaha ya mashariki mwa Kongo kwa kuandikisha watoto, ingawa sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inakataza. Asipokuwa yeye, ni shimo la koltani la Rubaya au machimbo ya dhahabu ya Walikale. Bega ambalo lingerusha mpira linabeba gunia.

Wapo wanaosema michezo isubiri amani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama umri nao ungesubiri. Wengine wanahofia kuwauzia watoto ndoto, na hapo wana haki. Wengi wanaosajiliwa hawafiki juu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani, alisajiliwa 2008 na kuingia uwanjani katika ligi hiyo 2017, miaka tisa baadaye. Katika soka, kanuni za FIFA zinakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sharti chache. Kwa hiyo mtu anayemwomba mama wa Sake dola za kumpeleka mwanawe wa miaka 15 kwenye majaribio Ulaya anapaswa kuulizwa maswali mengi kabla ya kupewa hata moja.

Dawa ya ndoto za uongo ni kazi ya kweli, na sehemu yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, vyeti. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo mzazi huhitaji hukumu ya mahakama. Mahakama na ofisi za usajili ziwafuate wazazi shuleni na makanisani, popote penye utulivu. Pili, daftari. Kila mwalimu wa michezo aandike majina, umri, urefu, mechi na majeraha, na familia ikihama, ipewe nakala. Tatu, klabu za Goma na viongozi wa soka na kikapu wa mkoa waende kwa watoto badala ya kuwasubiri, na waandae mechi za shule kila barabara inapopitika. Nne, wote wenye askari katika wilaya hizo mbili, wawe wa serikali, wa AFC/M23 au Wazalendo, waondoke madarasani na viwanjani. Hilo halihitaji mfadhili wala mkutano wa Doha.

Watoto wengi watakaoandikwa katika madaftari hayo hawatakuwa akina Kuminga. Watakuwa wamebaki shuleni, wakijulikana kwa jina na kwa tarehe ya kuzaliwa, na huo ni ulinzi tosha kwa kuanzia. Mtoto wa Pinga mwenye miaka 12 leo ana miaka minne au mitano ya kuonwa. Mwalimu wake asipokuwa na daftari, na baba yake asipokuwa na cheti, atakayemwona kwanza ni yule asiyehitaji vyote viwili.