MUUGUZI MVUTAJI ATAMWAMBIA NINI MGONJWA?

Mgonjwa anayeletwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwa kikohozi kisichopona, pengine alizaliwa Kongo, Burundi au Somalia. Lugha inayomuunganisha na majirani zake huko mara nyingi ni Kiswahili. Atakayemhoji wodini huenda akawa muuguzi mwanafunzi. Yampasa amuulize kama anavuta sigara, kisha amweleze kuwa moshi wa tumbaku huongeza hatari ya kifua kikuu. Je, aliyetoka kuzima sigara yake nyuma ya bweni atathubutu kuuliza?

Huenda wavutaji katika vyuo vya uuguzi ni wachache. Lakini kila mmoja wao atahudumia maelfu ya watu maishani mwake, na ndiyo maana tunalisema jambo hili. Tunazijua sababu wanazozitoa: zamu za usiku, mitihani, maiti ya kwanza kuifunika shuka. Uchovu huo ni wa kweli. Nikotini haiuondoi, humtuliza mtu kitambo kidogo, kisha humdai tena.

Wapo wanaotaka mwanafunzi akikutwa na sigara afukuzwe. Hatukubaliani nao. Vitisho humfundisha mvutaji kujificha, na mwenye siri hukwepa kuigusa mbele ya mgonjwa. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza juu ya uvutaji wao, na wapatao 40,000 wakajibu. Matokeo ya mwaka 1954 yalithibitisha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Madaktari wengi waliacha sigara mapema kuliko wananchi wenzao, wala hakuna aliyewafukuza kazi.

Ukali tuuweke kwa muuzaji. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, kumwuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 21, na kuuza sigara moja moja. Wanafunzi wengi wa uuguzi huanza masomo kabla ya umri huo. Basi mchuuzi anayemtolea kijana kama huyo sigara moja kutoka pakitini anavunja sheria mara mbili kwa shilingi chache, na wahusika hawana sababu ya kumwonea haya.

Vyuo navyo vina wajibu wao. Kwamba tumbaku inaua, mwanafunzi analijua. Afundishwe namna ya kumsaidia mtu kuacha: kuuliza bila kulaumu, kushauri kwa maneno machache, kupanga naye siku ya kuacha, na kumfuatilia. Imethibitishwa kuwa ushauri wa muuguzi, hata ukiwa mfupi, huongeza idadi ya wanaofaulu. Kwa ajili ya watu wa Nakivale, mazoezi hayo yafanywe kwa Kiswahili pia. Na mwanafunzi anayevuta awe wa kwanza kupewa msaada huo, kwa siri, bila jina lake kufikishwa kwa mkuu wa chuo.