Feni za kadi ya grafiki: pimeni kwanza, ndipo mlipe

Ndugu wasikilizaji wa Mikelenge, na ninyi mliokimbia vita mkafika Kindu na mashini zenu mgongoni, habari ya leo ni ya pesa yenu. Kuna wauzaji wanaopita kwenye studio za picha, vibanda vya filamu na kwa vijana wanaokata video za ndoa. Wimbo wao ni mmoja: ordinatere yako inazimika katikati ya kazi, basi nunua feni kubwa, uondoe ile iliyokuja na kadi ya grafiki. Mimi nasema wengi wenu hamhitaji kitu hicho, na muuzaji anayekataa kupima mbele yenu asipewe hata faranga.

Tuchukue moja inayojulikana, Accelero Xtreme III ya kampuni ya Arctic. Ni kitu kizuri, sitaisema vibaya: feni 3 za milimita 92, urefu karibu sentimita 29, na kampuni inasema inaweza kuondoa joto la wati 300. Lakini kadi ndogo kama GeForce GTX 1050 Ti inakula wati 75 hivi. Kuifungia feni ya namna hiyo ni kama kukodi kamyo kubeba kikapu kimoja cha sombe.

Halafu wanakuonyesha picha ya vipimo vya Ulaya: nyuzi 61 tu! Muulize muuzaji, chumba kilikuwa na nyuzi ngapi? Feni haitengenezi baridi. Inatoa joto kwenye chipu na kulimwaga hewani, na hewa hiyo ndiyo kikomo chake. Tuseme kule chumba kilikuwa na nyuzi 21. Basi chipu ilizidi hewa kwa nyuzi 40. Leta kadi ileile chini ya mabati ya Mikelenge saa nane mchana, chumba kikiwa na nyuzi 33, utapata kama 73. Hiyo ikiwa kesi ina njia ya kutoa hewa. Kesi ikifungwa, feni hizi za wazi zinazungusha joto lilelile ndani, na mashini inajipika yenyewe.

Kuna jambo wauzaji hawalitaji kabisa. Feni hiyo ni ndefu na nzito, inaning'inia kwenye kadi, na kadi inashikwa na tundu jembamba la plastiki. Kwa mtu ambaye meza yake haihami, sawa. Lakini familia iliyohama mara mbili, mashini ikifungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara zetu, itafika na tundu limevunjika. Tena vile vipande vya kupoza memori hugandishwa kwa gundi. Ukivibandua kwa nguvu unaweza kung'oa chipu. Aliyekimbia na ordinatere moja inayolisha watoto hawezi kucheza mchezo huo.

Kabla ya kununua chochote, zima mashini, chomoa waya, fungua, utoe vumbi jekundu kwa brashi laini. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza. Kama kadi ni ya miaka mingi, badilisha ile krimu ya kijivu inayopitisha joto kati ya chipu na chuma. Ikikauka, hata feni kumi hazisaidii. Kisha punguza kidogo kikomo cha umeme wa kadi kwa programu kama MSI Afterburner, pale kadi inapokubali. Kazi inapungua kidogo tu, joto linashuka vizuri, na jenereta inapumua.

Je, feni ya asili imekufa kabisa? Fundi mzuri anaondoa ganda la plastiki, anafunga feni ya kesi ya sentimita 12 juu ya chuma kilekile kwa kamba za plastiki, anaipa volti 12. Haipendezi macho, lakini inafanya kazi, na feni ya namna hiyo hupatikana kwenye ordinatere kuukuu.

Sisi wa redio ndio tungeweza kuitetea ile feni kubwa, maana inazunguka polepole na haipigi kelele kwenye mikrofoni. Ni sababu ya kweli, lakini ni ya studio, siyo ya mama anayechapa picha za paspoti.

Kwa hiyo, papa muuzaji, njoo na kipimajoto. Tupime kadi kwa feni yake iliyosafishwa, nusu saa ya kazi nzito, kesi imefungwa, mchana. Kisha funga yako, tupime tena chumba kikiwa na joto lilelile. Ikishusha nyuzi 15, tutazungumza bei. Ikishusha 3, beba mzigo wako.