Mama Mboga na Kura Yake

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2022 ulituletea sisi wanaisimu mavuno tele ya msamiati, na neno lililovuma kuliko mengi, ukiacha wilbaro, ni "mama mboga". Kila nipitapo Gataka, hapa Kajiado, huwaona akina mama hao wakipanga sukuma wiki na nyanya vibandani, nami hujiuliza kwa nini wanasiasa walilichagua jina hilo.

Jawabu limo katika hesabu. Sajili ya mwaka ule ilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na wanawake walikuwa zaidi ya asilimia 49. William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211 tu. Maadamu tofauti ni ndogo kiasi hicho, mgombea anayewapuuza wanawake anajichimbia kaburi.

Hata hivyo, jina hilo lina hila. Linamtaja mwanamke kwa kikapu chake, wala si kwa kura yake. Mwenye kikapu huahidiwa mkopo na kupewa leso. Mwenye kura hupaswa kuulizwa rai yake. (Sijasikia mwanamume akiitwa "baba ng'ombe" jukwaani, hata huku kwa wafugaji.)

Waama, wanawake wamekwisha kuonyesha kwamba wana rai. Mwaka 2013, Kajiado Mashariki, eneo bunge lenye mji wa Kitengela, lilimchagua Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge. Magavana wanawake, ambao mwaka ule hawakuwako hata mmoja, walikuwa watatu mwaka 2017 na saba mwaka 2022. Ila vyama havijatikisika. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na mabunge ya 2013, 2017 na 2022 yote hayakuitimiza. Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais mwaka 2020 alivunje Bunge kwa sababu hiyo, Bunge halikuvunjwa.

Hapa nawageukia walimu. Wakoloni walipowavika wanaume Waafrika kipande shingoni, wanawake hawakusajiliwa. Kipande kile kilikuwa pingu, lakini kizazi chake, kitambulisho cha taifa, kikawa ufunguo wa benki, wa ardhi na wa kura. Na hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978, hicho nacho kilikuwa cha wanaume peke yao. Mama wa Kenya mwenye kitambulisho, basi, si jambo la kale. Leo msichana wa Kajiado anayeozwa kabla ya kumaliza shule aghalabu huondoka bila cheti hicho, na pasipo kitambulisho au pasipoti hasajiliwi kupiga kura.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mwalimu wa kidato cha nne na afungue daftari la darasa lake sasa, atazame ni wasichana wangapi watakuwa wametimiza miaka 18 kufikia siku hiyo, na ni wangapi kati yao wamekwisha kutia alama za vidole kwa msajili.