Mguu Kifundo: Tiba Ipo, Tunachelewa Kutazama

Katika shule moja niliyowahi kufundisha alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akisamehewa mchakamchaka kila asubuhi. Alitembea kwa ukingo wa nje wa mguu wa kulia, wayo ukiwa umegeukia ndani, na ngozi ya juu ya mguu, pale ambapo sisi wengine hatukanyagii kamwe, ilikuwa imekomaa kama kisigino. Walimu tulimhurumia, tukamwandika katika orodha ya wasiokimbia, na mambo yakaishia hapo. Hakuna hata mmoja wetu, nami mwalimu wa Biolojia nikiwamo, aliyejiuliza kama ulemavu ule ulikuwa wa lazima. Leo nathubutu kusema kwamba, kwa elimu iliyokwisha kupatikana, haukuwa wa lazima.

Hali ile huitwa mguu kifundo. Mtoto huzaliwa nayo: kisigino kimevutwa juu, wayo umegeukia ndani, na vidole vinaelekea mguu wa pili. Duniani kote, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa na hali hii, na wavulana hupatwa nayo takriban mara mbili zaidi ya wasichana. Karibu nusu ya watoto hao huwa nayo katika miguu yote miwili. Chanzo chake katika watoto wengi hakijulikani kikamilifu, ingawa ni wazi kwamba urithi una sehemu yake. Kinachojulikana bila shaka yoyote ni kwamba mama hakusababisha hali hiyo kwa kuruka kamba, kwa kumcheka kilema, wala kwa kumkosea mtu yeyote ukoo mzima. Maswali ya namna hiyo, ambayo wazazi wengi bado huulizwa na jamaa zao, humfanya mama amfunike mtoto kwa khanga wakati ambapo angepaswa kumfunua.

Kuitambua hali hii hakuhitaji mashine. Wako watoto wengine wanaozaliwa na miguu iliyopinda kwa sababu tu ilibanwa tumboni. Ukiushika mguu wa namna hiyo kwa upole, unarudi mahali pake bila shida. Mguu kifundo wa kweli hukataa kurudi, kwa sababu kano za upande wa ndani na za nyuma ni fupi, nene na ngumu. Mganga hutazama pia uti wa mgongo na nyonga za mtoto, maana mara nyingine mguu ni dalili ya jambo jingine. Kazi yote hiyo huchukua dakika chache. Tena kila mwezi mtoto huning'inizwa kwenye mizani ya kliniki, miguu yake miwili ikielea mbele ya macho ya muuguzi. Lakini macho hayo, kwa kuwa ndivyo yalivyofundishwa, huwa kwenye mshale wa kilo.

Sasa tuingie katika tiba yenyewe, maana hapa pana somo la sayansi ambalo ningependa lifundishwe madarasani. Habari za kunyoosha mguu kifundo kwa mikono na bandeji ni za tangu enzi za Hippocrates wa Uyunani. Katika karne ya 20 mabingwa wengi walijaribu kwa plasta, wakashindwa, wakashika kisu. Miguu iliyopasuliwa sana ilinyooka kwa macho, lakini mingi ilikuja kuwa migumu na yenye maumivu mwenyewe alipofikia utu uzima. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca nchini Hispania, aliyehamia Iowa, Marekani, mwaka 1941, aliona matokeo hayo, akarudi kuichunguza upya mifupa ya mguu na namna viungo vyake vinavyozunguka.

Alichokigundua ni kosa la mahali pa kuweka kidole gumba. Waliomtangulia walikuwa wakiukandamiza mguu katikati ya ukingo wake wa nje huku wakivuta vidole kuelekea nje. Kwa kufanya hivyo walikizuia kisigino kisizunguke, mfano wa mtu anayesukuma mlango huku ameuwekea mguu wake mwenyewe. Ponseti alisogeza kidole gumba mpaka kwenye kichwa cha mfupa wa kifundo, ule unaokaa kati ya mfupa wa muundi na mfupa wa kisigino. Mfupa huo ukishikiliwa usitikisike, huwa ndio mhimili, na sehemu zote nyingine za mguu huzunguka chini yake kwa pamoja bila kisigino kuguswa. Kano za mtoto mchanga hunyumbulika. Zikivutwa kidogo na kufungwa zisirudi, hurefuka, na baada ya siku tano hadi saba ziko tayari kuvutwa tena.

Kwa hiyo mtoto hukandwa mguu, hufungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka karibu na kinena, goti likiwa limekunjwa, na plasta hubadilishwa kila wiki. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Mwishoni wengi wao huhitaji kukatwa ukano mnene wa kisigino kwa tundu dogo, chini ya ganzi, kazi ya dakika chache. Ukano huo hujiunga wenyewe ukiwa mrefu zaidi katika muda wa wiki tatu za plasta ya mwisho. Mwanafunzi anayedhani kwamba ukano uliokatwa umekwisha atafakari jambo hilo.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa miaka mingi mabingwa wenzake hawakumjali. Mwaka 1995 wagonjwa wake wa zamani, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 34, walichunguzwa upya. Asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, na miongoni mwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida waliolinganishwa nao kiwango hicho kilikuwa asilimia 85. Hapo ndipo dunia iliposikia. Daktari mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 95.

Wako watakaosema kwamba nchi zetu hazina mabingwa wa mifupa wa kutosha, na kwa hiyo habari hizi ni za wenzetu. Sikubaliani nao. Nchini Uganda na Malawi matabibu wasio madaktari walifundishwa kazi hii ya plasta, wakaimudu. Jijini Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imekuwa ikiitoa tiba hii kwa miaka mingi. Mikono tunayo, na plasta si kitu cha anasa.

Tatizo kubwa liko baada ya plasta. Mguu ulionyooshwa una tabia ya kurudi ulikotoka, na kuuzuia hapana budi mtoto avae viatu viwili vilivyoungwa kwa ufito wa chuma, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mzazi anauona mguu umenyooka. Mtoto analia usiku. Bibi anauliza chuma hicho ni cha nini tena. Nauli ya kurudi kliniki imekwisha. Viatu vinawekwa uvunguni, na baada ya miezi kadhaa mguu unaanza kupinda upya. Nimewasikia watumishi wa afya wakiwalaumu akina mama kwa jambo hili. Lawama hiyo naiona nyepesi mno. Mama anayeambiwa kwa haraka, mlangoni, avalishe chuma kwa miaka minne bila kuelezwa sababu, na ambaye mumewe hajafika kliniki hata mara moja, amepewa nusu ya tiba tu.

Ndiyo maana naleta shauri hili kwa walimu na wanafunzi. Mtoto wa kidato cha tatu akielewa kwa nini kano hurudi fupi, atamweleza bibi yake kwa maneno ambayo bibi atayakubali. Akimwona mdogo wake au mtoto wa jirani ana mguu uliopinda, asikubali kuambiwa kwamba utanyooka akianza kutembea, maana kutembea huuzidishia ubaya. Wiki za kwanza za uhai ndizo bora, ingawa hata mtoto aliyekwisha kutembea asikatiwe tamaa, kwani plasta zimewasaidia wengi wa umri huo.

Na vile viatu? Mtindo mmoja unaotumika sana Afrika, ule wa Steenbeek, ulibuniwa Uganda kwa ngozi na chuma cha kawaida cha madukani. Kiatu cha mguu uliougua hugeuzwa nje nyuzi 70, cha mguu mzima nyuzi 40. Shule za ufundi zina misumeno, vyuma na vipimapembe, na wanafunzi wanaotafuta kazi ya mazoezi. Sijaona kwa nini hospitali ya wilaya isiwaletee kielelezo kimoja cha kufuatisha, chini ya usimamizi wa fundi wake wa viungo.